Malisho ya Choroa Kabla ya Joto

Swali lililoninyima usingizi katika mwaka wangu wa pili Doha lilikuwa fupi: nipande nini ambacho hakitaua? Nililala nalo chumbani, mtaa wa Najma, wanaume sita kwenye vitanda vya ghorofa, na kila jibu nililolipata lilikuwa na mnyama aliyekufa mwishoni mwake. Mtama ungeweza kuua. Lusini ingeweza kuua. Nisipopanda chochote, njaa ingeua polepole zaidi, lakini ingeua.

Nawaandikia ninyi mnaotoka vyuoni na shahada za malisho na wanyamapori, mnaoniuliza kazi ile ilifanywaje. Sijafikia kuegemea mkongojo, ila miaka kumi na miwili chini ya jua la Ghuba ni utumishi mzima, nami nimekwisha kuutua. Mkinikuta nasitasita katikati ya sentensi, nivumilieni. Ndivyo nilivyo. Mwalimu wangu wa chuo alisema mimi ni mtu wa kupima kamba mara saba kisha nikaogopa kuikata.

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye kitalu cha kampuni ya bustani. Meneja wa Kitalu alikaa nyuma ya meza iliyojaa vipande vya mipira ya maji, akakisoma cheti changu kwa muda mrefu.

"Malisho na wanyamapori," alisema. "Hapa wanyamapori ni paka."

Akanikabidhi mpira wa kumwagilia. Kwa miezi minane nilipanda maua ya petunia kwenye The Pearl, kisiwa ambacho bahari ilijazwa mchanga mpaka ikawa barabara na majumba, kisha nikahamishiwa Lusail, ambako siku zile mji ulikuwa vigingi na vitambaa vyekundu vikipepea juu ya mchanga. Msidharau nafasi za namna hiyo. Pale ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la kilimo cha jangwani, nalo ni chumvi. Kila asubuhi tulichovya kipima chumvi, kijiti chenye kioo kidogo cha tarakimu, ndani ya maji ya kisima. Maji yakizidi chumvi, mmea hukauka huku mizizi yake imelowa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisimama nikiduwaa: mmea unakufa kiu ndani ya maji.

Aliyenitoa kwenye maua ni Mhandisi Mkuu, Mmisri mnene mwenye mwendo wa haraka, ambaye wote tulimwita bashmuhandis, yaani bwana mhandisi. Kampuni ilikuwa imepewa kazi ya kutunza eneo lenye uzio kaskazini ya jiji, mali ya mzee mmoja mwenyeji. Ndani yake walikuwamo choroa weupe na swala wa mchanga.

"Ya doktor," aliniambia, kwa sababu kwao kijana mwenye shahada hutaniwa hivyo, "unajua wanakula nini?"

Nikamjibu kwamba inategemea majira, udongo, umri wa mnyama, na kama ana mimba.

"Sikuuliza inategemea nini. Panda gari."

Gari liliendeshwa na Msimamizi, Mkenya kutoka Bungoma aitwaye Wafula, aliyenizidi miaka kumi na maneno elfu. Tulipofika, jua lilikuwa chini na vumbi limetulia. Choroa kumi na tisa walitoka nyuma ya kilima cha mawe mmoja mmoja, kwa mstari, weupe kama nguo iliyoanikwa, miguu yao myeusi kama wamevuka tope. Pembe zilikuwa ndefu, zimenyooka. Mmoja alipogeuka ubavu, zile mbili zikawa moja. Nilikuwa nimesoma kwamba mnyama huyu aliwahi kutoweka kabisa porini, akarudishwa kutoka kwa wachache waliokuwa wamefugwa. Kusoma ni jambo moja. Pale walikuwa wanapumua, nami niliwasikia.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Wafula alisema. Lakini na yeye alikuwa amezima gari bila kuambiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya uzio palikuwa na vishamba vinane vya malisho ya wanyama, kila kimoja na geti lake. Unapanda, unafunga geti mpaka mmea ukomae, kisha unafungua wanyama waingie kwa zamu. Kishamba si shamba la mkulima. Mkulima hupanda anachotaka kuvuna. Wewe unapanda kile ambacho mnyama asiyekujua, asiyekuamini, na asiyeweza kukuambia anaumwa, atakula peke yake usiku ukiwa hupo.

Niliombwa ushauri wa majira ya kuchipua, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mmisri asingelifanya, wala Mhindi. Mimi ni mtu wa Handeni. Kwetu mwezi wa tatu ni mwanzo. Baba humwaga mbegu shambani huku akitazama mawingu, na kila kitu mwilini mwa mtu wa kwetu humwambia kwamba mwezi wa tatu ukianza, neema inakuja. Doha mvua huja kipindi cha baridi, ikija. Mwezi wa tatu jangwa huwa na kijani kidogo, wenyeji hutoka na mahema yao kukifurahia, hewa ni tamu, nami nikaamini naona mwanzo. Kumbe ulikuwa mwisho. Nyuma ya mwezi ule umesimama mlango wa tanuri.

Nilipanda mtama. Mtama ni mmea wa ukame, niliuandikia kurasa kumi na moja za sababu. Ukaota vizuri ajabu, ukafika magotini, Mhandisi Mkuu akaupiga picha. Kisha joto likaja mapema na pampu ya kisima ikaharibika siku tano. Mtama ulinyauka. Pampu ilipotengenezwa tukaunywesha maji, ukatoa machipukizi mapya, kijani laini. Wafula akauliza kama afungue geti, nikasema fungua.

Kila mchungaji wa Handeni anajua jambo hili, na mimi niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapata alama zote: mtama mchanga ulioteswa na kiu hutengeneza sumu. Ng'ombe akiula anaanguka. Niliyajua haya kama mtu anavyojua jina la mtaa asikoishi. Asubuhi tulimkuta choroa jike amelala ubavu, mdomo una povu, na ndama wake wa wiki mbili anamsukuma kwa kichwa ili ainuke anyonyeshe.

Mtunza wanyama alikuwa Haji Idris, Msudani aliyekulia kwenye ngamia. Alimwinua yule ndama mikononi, akamlea kwa chupa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Omari, huyu alikuwa anatangulia. Sasa hawajui nani atangulie." Kweli, kwa siku nyingi mstari wao ulikuwa ukivunjika njiani.

"Hamkunifukuza," nilimwambia Mhandisi Mkuu baadaye, "kwa nini?" Akajibu kwamba kumleta mtu mwingine huchukua miezi minne.

Sasa mnaelewa swali langu la mwaka wa pili. Mhandisi Mkuu aliamua kwamba majira ya kuchipua yajayo vishamba vyote vinane vitapandwa lusini, majani ambayo wenyeji huyaita jat. Lusini ni chakula kizuri, ina nguvu, na inapendeza macho kwa ukijani wake. Lakini mnyama mwenye njaa akiingia ndani ya lusini mbichi yenye umande akala bila kipimo, tumbo hujaa gesi, linabana mapafu, anakufa. Hatari hiyo huondolewa kwa kunyausha: unaikata, unaiacha juani nusu siku ilegee, ndipo unawapa kwa kiasi. Tena lusini hunywa maji kupita kiasi, na kisima chetu kilikuwa kinazidi chumvi kila mwezi. Niliyaandika haya yote. Nikayachana, nikayaandika upya kwa unyenyekevu zaidi. Nani angemsikiliza mtu wa mtama?

"Wewe jamaa," Wafula aliniambia tukienda kazini, "unafikiria mpaka kiti kinashika moto. Bashmuhandis amesema lusini, panda lusini. Wakikufa si jina lako."

"Kaka Wafula, watakufa hata kama si jina langu."

"Haya, basi kufa nao."

Mwezi wa kwanza, alasiri moja, Haji Idris alinivuta mkono bila kueleza. Choroa wote walikuwa wamesimama wakitazama upande mmoja, kusini-magharibi, pua juu, hawatafuni. Mbingu ilikuwa tupu.

"Wanatazama nini?" niliuliza.

"Mvua."

"Haji, hakuna hata wingu."

"Basi waambie wao."

Mvua ilinyesha kesho yake. Haikunyesha kwetu kwanza, ilinyesha kule walikokuwa wakitazama, kisha ikatufikia, ikapiga chini kwa saa mbili na kuacha madimbwi kwenye kila bonde. Wenyeji huliita bonde la namna hiyo rodha, mahali palipoinama ambapo maji na udongo mzuri hukusanyika. Kishamba cha nane kilikuwa ndani ya rodha. Hakikuwahi kulimwa, kwa sababu trekta lilishindwa kupita kwenye mawe yaliyokizunguka, nami nilikuwa nimekiandika kwenye ripoti zangu zote kuwa hakifai.

Baada ya siku kumi kilikuwa kijani.

Nilipiga magoti. Sikupiga kwa ibada, nilitaka kuona karibu, lakini nilipokuwa chini sikuweza kuinuka. Hakuna mtu aliyeleta mbegu pale. Zilikuwa mchangani muda wote tuliokuwa tukipita juu yake na viatu, pengine miaka, zikivumilia joto linaloyeyusha soli, zikikataa mvua ndogo za uongo, zikingoja ile moja ya kutosha. Kulikuwa na majani mapana kama sarafu, maua ya zambarau madogo kuliko punje ya mchele, mmea uliokuwa umejaa maji kama tango. Nilihesabu aina kumi na nne kwenye hatua tano, na nilijua majina ya mbili. Mimi, mwenye shahada ya malisho. Katikati yao, mashina makavu niliyokuwa nimeyadhani yamekufa yalikuwa yanachipua kutoka kwenye kila kifundo. Hii ilikuwa thumamu, nyasi ngumu ya jangwa inayokua kwa vichaka, yenye mizizi iliyovikwa mchanga kama soksi.

Haji Idris alifungua geti kabla sijasema kitu. Choroa waliingia. Njiani walipita kando ya ukanda wa lusini ya majaribio, kijani kibichi, imemwagiliwa asubuhi hiyo. Wawili walionja. Wengine wote walipita wakaenda kwenye thumamu, na kila mmoja aliuma mara moja, akainua kichwa, akasogea kichaka kingine. Hawakung'ang'ania. Walikula kama watu waliofika nyumbani na kujua kesho pia ipo.

Hapo nilianza kazi ambayo naiona ndiyo kazi pekee niliyowahi kuivumbua. Kwa wiki sita nilimfuata choroa mmoja kila siku, asubuhi na alasiri, kwa umbali wa hatua thelathini, na daftari. Kila alipouma niliandika ameuma nini. Wafula aliliita daftari la midomo. Mhandisi Mkuu aliponikuta nimechuchumaa nyuma ya dume moja, nikiandika, aliuliza kama nimeanza kumdai kitu yule mnyama. Lakini daftari lilijaa, na lilisema jambo lile lile kila siku: thumamu kwanza, matawi ya mkunazi yakipatikana, majani madogo ya mvua, lusini mwisho. Na mwishoni mwa mwezi wa pili, majani ya mvua yalipoanza kunyauka kwa joto, thumamu ilikuwa bado inatoa majani. Nilichimba chini ya kichaka kimoja kuufuata mzizi. Nilichimba mpaka kifuani, sikuufikia mwisho.

Magunia ya mbegu za lusini yaliletwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, yakapangwa chini ya turubai. Mhandisi Mkuu alikuja na karatasi ya upandaji.

"Tangu mwaka jana," alisema, "anayechagua mmea anaweka sahihi. Hapa, ya doktor."

"Bashmuhandis, naomba tusipande lusini kwenye vyote."

"Mwenye eneo anataka kijani."

"Kuna kitu kinaishi hapa bila sisi. Tuchimbe vichaka vya thumamu, tugawanye mashina, tupande kwenye mabonde. Maji ya matone mpaka vishike, basi."

"Nyasi pori."

"Ndiyo."

"Kampuni yangu inalipwa kwa kilimo, nawe unataka nimwambie mzee nimempandia magugu?" Alicheka, lakini hakuwa amekasirika, nami nikaona ameogopa kama mimi. "Na yakikauka mwezi wa saba? Umekwisha kosea mara moja. Wewe na majira ya kwenu."

Mtu anayefikiri sana huona sababu za mwenzake vizuri kuliko zake.

Alasiri ile ile mwenye eneo alikuja mwenyewe, amekaa mbele ndani ya Landkruza yake nyeupe. Tulimwita Ami. Hakuwa mtu wa maneno. Alitembea mpaka kishamba cha nane, akasimama mbele ya kichaka cha thumamu, akaking'oa kijiti kimoja na kukitafuna. Alikitafuna mpaka Wafula akaanza kukohoa.

"Hii sijaiona hapa tangu nikiwa na meno ya utotoni," alisema. "Nilidhani imehama." Akapitisha kiganja juu ya majani, taratibu, kama anayepapasa mgongo wa mnyama. Kisha akaniuliza mimi, si Mhandisi Mkuu, "Wewe ndiye wa mtama?"

"Ndiye mimi, Ami."

"Ndama wa yule jike anakula?"

"Anakula. Thumamu zaidi."

Aliitikia kwa kichwa. Nilingoja aseme tupande nini. Niliomba moyoni aseme, ili kama kuna kosa liwe la mwenye mali. Badala yake alisema, "Mimi sijui kilimo. Ninachotaka ni mwezi wa nane nikija niwakute wamesimama." Akaingia ndani ya gari, akaondoka.

Nyie mnaoanza kazi, mtaniuliza kama kulikuwa na uhakika. Nilikaa eneo lile miaka kumi baada ya siku hiyo, nikawafundisha wengine daftari la midomo, nikaondoka nikiwa chini ya Mhandisi Mkuu wa tatu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanda kitu chochote nikiwa na uhakika. Kile nilichokuwa nikikiita woga kilikuwa nusu woga, na nusu heshima kwa vitu vilivyonizidi: mbegu inayojua mvua ya kweli na ya uongo, mnyama anayeisikia mvua kabla ya wingu. Sikuzitenganisha nusu hizo. Nilijifunza kufanya kazi nazo zote mbili zikiwa zimenikaa kifuani, na ndicho ninachowaachia. Msingoje hofu iishe. Tazameni kwa muda mrefu kuliko wengine, kisha wekeni jina lenu.

Mimi niliweka langu hivi. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilimkuta Mhandisi Mkuu kwenye kibanda akinywa chai. Niliichukua karatasi ya upandaji. Kwenye kishamba cha kwanza niliandika lusini, ya kukatwa na kunyaushwa, si ya kulishia papo hapo. Kuanzia cha pili hadi cha saba niliandika thumamu, na pembezoni miche ya mkunazi. Kwenye cha nane niliandika: kisiguswe. Chini niliandika jina langu, herufi zikatoka kama za mtoto. Mhandisi Mkuu aliisoma yote, akainua macho.

"Ukikosea, ya doktor, nitasema sikuwepo."

"Sawa, bashmuhandis."

"Chukua watu wanne. Jua likipanda umechelewa."

Wafula aliyapakia magunia ya lusini kwenye gari yarudi kitaluni, akabakiza moja. Alilalamika kila gunia. "Nyumbani utawaambia nini? Kwamba ulivuka bahari uje upande nyasi ya bure?" Lakini alikwisha kutandaza mipira ya matone, na alikuwa amelowesha vichaka tangu jana yake ili ving'oke na mchanga wao, jambo ambalo sikumwomba. Tulikata shina la kwanza vipande vitatu kwa panga. Lile pande la katikati lilikuwa zito, mizizi yake imeshika udongo kama ngumi.

Niliingia shimoni kwa magoti, nikalisimamisha, nikalishindilia kwa viganja viwili mpaka likaacha kuyumba. Choroa walikuwa nje ya uzio wa kishamba, wakitutazama.

"Kaka Wafula," nikasema, "fungua maji."

Akafungua.